FAHALI ALIYEACHWA ZIZINI

Wazee wetu walisema, "Akiba haiozi." Ni neno la busara, na mama aliyeficha debe moja la mahindi uvunguni anajua ukweli wake mwezi wa njaa unapobisha hodi. Lakini wazee hao hao walisema pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Leo, wasomaji wapenzi, twawaletea habari za mtu mwenye akili na sifa nyingi katika kazi yake, aliyeishika methali ya kwanza akaisahau ya pili. Kwa kusahau huko, jasho la watu wake la miezi sita lilimwagika kwa usiku mmoja.

Habari hizi zilitokea mbali nasi, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, usiku wa Jumanne, tarehe 4 Oktoba 2016. Zilitokea katika mchezo uitwao besiboli, mchezo ambao Wamarekani wanaupenda kama sisi tunavyoupenda mpira wa miguu. Wengi wetu hatuujui. Basi tuanze kwa kuueleza, kisha tutafahamiana vizuri.

MCHEZO WENYEWE

Waliopita shuleni yamkini wamecheza, au wameona ukichezwa, ule mchezo wa kupiga mpira kwa kijiti na kukimbia kuzunguka vituo. Besiboli ni ndugu mkubwa wa mchezo huo. Timu ni mbili, watu tisa kila upande, nazo hupokezana: hawa wakipiga, wale hulinda uwanja. Katikati ya uwanja pana kilima kidogo, na juu yake husimama mtupaji. Yeye huvurumisha mpira mgumu kwa nguvu zake zote. Mbele yake, umbali wa mita 18 hivi, amesimama mpigaji na gongo lake la mti.

Mpigaji akiupiga mpira vema, hukimbia. Akipita vituo vyote akarudi nyumbani alikoanzia, timu yake imepata pointi moja. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, basi yeye na wenzake wote waliokuwa wakingoja vituoni hurudi nyumbani kwa madaha, wala hakuna wa kuwazuia. Watu watatu wa upande unaopiga wakitolewa, zamu yao imekwisha. Kila timu hupewa zamu tisa. Zikitoka sawa, huongezwa ya kumi, na ya kumi na moja, na kuendelea, hata mmoja ashindwe.

Tafadhali shikeni jambo hili moja, maana ndilo shina la habari yetu: wenyeji wa uwanja ndio wapigao mwisho. Kwa hiyo mchezo ukiwa sawa katika zamu ya tisa au baada yake, wenyeji wakipata pointi moja tu, mchezo umekwisha pale pale. Mgeni hana nafasi ya kulipa.

Mkono wa mtupaji huchoka, nao ukichoka mpira hupoteza ukali wake. Kwa sababu hiyo kila timu ina watupaji wa akiba, ambao hukaa katika ua wao kando ya uwanja. Wamarekani huuita ua huo zizi la fahali. Meneja wa timu ndiye mwenye ufunguo wa zizi. Akiona mtupaji wake analegea humtoa na kumwita mwingine. Lakini sheria ni kali: aliyekwisha tolewa harudi tena siku hiyo. Kila fahali anayefunguliwa amekwisha tumika.

FAHALI ALIYEOGOPWA

Timu ya mji wa Baltimore, huko Marekani, ilikuwa na fahali mmoja ambaye mwaka ule hakuwa na mfano. Jina lake ni Zack Britton, kijana wa miaka 28, mzaliwa wa California, mwenye kutupa kwa mkono wa kushoto. Mpira wake ulikwenda kwa mwendo wa kilomita 155 hivi kwa saa, nao ukimfikia mpigaji ulizama chini ghafula, kana kwamba umevutwa kwa kamba. Wapigaji walizoea kuugonga juu tu, ukabingirika ardhini, wakatolewa.

Kazi ya Britton ilikuwa kufunga mlango. Timu yake ikiwa mbele kwa pointi moja, mbili au tatu, na imebaki zamu ya mwisho, yeye huitwa aje kuulinda ushindi usiibwe. Mwaka 2016 alipewa kazi hiyo mara 47. Mara zote 47 aliufunga mlango, hakushindwa hata mara moja. Katika zamu 67 alizotupa mwaka mzima, pointi zilizohesabiwa juu yake zilikuwa nne tu. Ulipopigwa wakati wa kura za kumchagua mtupaji bora wa ligi yake, alitokea wa nne, ingawa kwa desturi watu wa kazi yake hawafikiriwi sana katika kura hizo.

Mwenye ufunguo wa zizi alikuwa Bwana Buck Showalter. Asidhani mtu kwamba alikuwa mjinga au mgeni wa kazi. Timu ya Baltimore ilikuwa imekaa miaka 14 mfululizo, tangu 1998 hata 2011, bila kushinda nusu ya michezo yake. Showalter aliichukua katikati ya mwaka 2010, akaitengeneza kama fundi anavyotengeneza nyumba ya zamani, na mwaka 2012 akairudisha katika mashindano ya mtoano. Mara tatu alikuwa amechaguliwa meneja bora wa mwaka, yaani 1994, 2004 na 2014. Alisifiwa hasa kwa kufikiri mambo kabla hayajafika. Na hilo ndilo linalofanya habari hii iwe na uchungu na funzo.

USIKU WA TORONTO

Timu zote mbili zilizokutana zina majina ya ndege, na mwaka ule zilikuwa sawa kama mapacha. Kila moja ilikuwa imecheza michezo 162, ikashinda 89 na kushindwa 73. Siku hizo sheria ilikuwa kwamba timu za namna hii hukutana mara moja tu. Anayeshinda husonga mbele, anayeshindwa hufunga mizigo na kurudi nyumbani mpaka mwaka ujao. Hapakuwa na kesho.

Toronto walianza. Katika zamu ya pili José Bautista aliupiga mpira ukavuka ukuta: moja kwa sifuri. Katika zamu ya nne Mark Trumbo wa Baltimore, aliyekuwa amevusha mipira mingi kuliko mtu yeyote mwaka ule, naye aliuvusha wake, na mwenzake alikuwa kituoni: mbili kwa moja. Katika zamu ya tano Ezequiel Carrera wa Toronto alipata pigo dogo lililomrudisha mwenzake nyumbani. Mbili kwa mbili. Tangu hapo mlango ulifungwa pande zote mbili. Watu walisimama vitini, wengine hawakuweza kutazama. Mtu mmoja alipandwa na wazimu hata akamrushia kopo la bia mchezaji wa Baltimore, Hyun Soo Kim, Mkorea, aliyekuwa akiukimbilia mpira. Likamkosa, naye akaudaka mpira wake.

Zamu ya sita ikapita, na ya saba, na ya nane. Showalter alifungua zizi, akamtoa huyu, akamwita yule, nao walifanya kazi nzuri. Ikafika zamu ya tisa. Toronto wana gongo, mchezo uko sawa, na pointi moja tu yatosha kuwazika wageni. Josh Donaldson akaanza kwa pigo kali lililomfikisha kituo cha pili, wala hapajatolewa mtu. Huu ndio wakati ambao kila aliyekuwa akitazama alimtafuta Britton kwa macho. Britton alikuwa amekwisha simama na kuupasha mkono moto. Lakini aliyetupa ni Brad Brach, kisha Darren O'Day, nao wakaponyoka kwa bahati na kwa ustadi. Ikaja zamu ya kumi. O'Day tena, wakaponyoka tena.

Wenyeji walifanya vingine. Meneja wao, John Gibbons, alimtoa mfunga mlango wake, kijana Roberto Osuna, katika zamu ya tisa, mchezo ukiwa bado sawa. Osuna alipoumia katika zamu ya kumi, Gibbons alimwita Francisco Liriano, naye akawazuia Baltimore hata mwisho.

Ikafika zamu ya kumi na moja. Showalter alimwita Brian Duensing, akamtoa mpigaji wa kwanza. Kisha meneja akatembea tena mpaka kilimani. Mlango wa zizi ukafunguliwa, na aliyetoka ni Ubaldo Jiménez.

Jiménez alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yeye kwa desturi alikuwa mtupaji wa kuanza mchezo, si wa kuingia katikati ya moto. Mwaka ule ulikuwa mbaya kwake kwa miezi mingi, ingawa mwezi wa Septemba alikuwa amepata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyompa meneja moyo. Devon Travis akampiga, akafika kituoni. Donaldson akampiga, na mpira ukamponyoka mlinzi, Travis akafika kituo cha tatu. Sasa pigo moja dogo lilitosha. Akaja Edwin Encarnación, mtu aliyekuwa amevusha ukuta mara 42 mwaka ule, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika kama Jiménez mwenyewe.

Jiménez akatupa mpira mmoja. Encarnación hakungoja wa pili. Alipoupiga tu aliinua mikono yake miwili juu, maana mlio wa gongo ulikwisha mwambia. Mpira ukapaa juu ya watu, ukaangukia vitini mbali sana. Tano kwa mbili. Jiménez alikuwa ametupa mipira mitano kwa jumla. Uwanja ukatetemeka kwa kelele, na watu wa Baltimore wakatoka kimya kimya, mmoja mmoja.

Na Zack Britton? Alikuwa bado zizini. Hakutupa mpira hata mmoja usiku ule.

KWA NINI HAKUITWA?

Mwanzoni watu walidhani ameumia. Meneja na Britton mwenyewe walisema hapana, alikuwa mzima na tayari. Basi kwa nini?

Sababu yenyewe si ya kijinga, na ni haki tuieleze. Mgeni hucheza na hofu mbili. Akimtumia mfunga mlango wake mchezo ukiwa sawa, halafu baadaye timu yake ikapata pointi moja mbele, nani ataulinda ushindi huo katika zamu ya mwisho ya wenyeji? Kwa hiyo mameneja wengi waliona ni desturi njema kumweka mtu huyo mpaka timu ipate pointi ya kulinda. Desturi hiyo ilitiwa nguvu na hesabu. Tangu mwaka 1969 Wamarekani huandika rasmi katika vitabu vyao kila mara mtupaji anapouokoa ushindi namna hiyo, na tangu mwisho wa miaka ya 1980, Tony La Russa wa Oakland alipomtumia Dennis Eckersley hasa kwa zamu ya mwisho, kila timu ilifuata njia hiyo. Watupaji walisifiwa na kulipwa kwa idadi ya milango waliyofunga. Pole pole kazi ikageuka ikawa kama sheria.

Lakini angalieni, wasomaji, kosa lilipojificha. Mlango unaongoja kufungwa wakati timu ikiwa mbele ni mlango ambao pengine hautafika kamwe. Mlango uliokuwa wazi katika zamu ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja ulikuwa mlango wa kweli, na mwizi alikuwa amekwisha tia mguu ndani. Pointi moja ya Toronto katika zamu ya tisa ilikuwa na uzito sawasawa na pointi moja katika zamu ya mwisho yoyote. Hatari ilikuwa ile ile, ila haikuwa na jina lililozoeleka. Showalter alikuwa akimweka mtu wake bora kwa ajili ya hatari ya kesho, na kesho yenyewe ikauawa leo.

Tena haki itupasa kusema kwamba meneja hakuwa peke yake katika kushindwa. Wapigaji wa Baltimore hawakupata pointi hata moja tangu zamu ya nne mpaka mwisho. Na huenda Britton naye angepigwa. Hakuna mwanadamu asiyeshindwa. Lakini mtu akishindwa akiwa ametumia nguvu zake zote, hulala usingizi. Akishindwa silaha yake bora ikiwa bado ukutani, swali humkesha.

WALIOONA WAKAJIFUNZA

Siku mbili tu baadaye, tarehe 6 Oktoba, timu ya Cleveland ilikuwa ikicheza na Boston. Meneja wa Cleveland, Terry Francona, alikuwa na mtupaji hodari wa akiba, Andrew Miller. Hakungoja zamu ya tisa. Alimwita katika zamu ya tano, kwa kuwa aliona hapo ndipo moto unapowaka. Cleveland wakashinda. Katika mashindano yaliyofuata walikutana na Toronto wale wale, wakawafunga michezo minne kwa mmoja, na Miller hakutoa pointi hata moja. Akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano hayo. La kushangaza ni kwamba Miller huyo aliwahi kuwa Baltimore chini ya Showalter, miezi ya mwisho ya mwaka 2014.

Tarehe 13 Oktoba, Dave Roberts wa Los Angeles alimwita mfunga mlango wake, Kenley Jansen, katika zamu ya saba, akatupa mipira 51. Alipochoka, Clayton Kershaw, aliyekuwa ameanza mchezo siku mbili tu kabla, aliingia akawatoa watu wawili wa mwisho. Washington wakalala, nne kwa tatu. Hivyo mwezi ule ule mmoja watu waliona kazi ya kungoja na kazi ya kutumia, zikiwa zimewekwa kando kwa kando.

YALIYOFUATA

Nafasi ile haikurudi upesi. Mwaka 2017 mkono wa Britton ulianza kumsumbua, na Desemba akakatika mshipa wa kisigino. Julai 2018 aliuzwa kwenda New York. Mwaka huo huo Baltimore walishindwa michezo 115 kati ya 162, na mkataba wa Showalter ulipokwisha haukufanywa upya. Timu haikurudi katika mtoano mpaka 2023, ikashindwa michezo yote mitatu. Ikarudi 2024, ikashindwa yote miwili. Watoto waliolia mbele ya televisheni usiku ule wa Toronto walikua vijana bila kuona Baltimore ikishinda hata mchezo mmoja wa mtoano.

Lakini habari ya Showalter ina kipande kingine kizuri. Mwaka 2022 alikuwa meneja wa timu ya Mets ya New York, akachaguliwa meneja bora mara ya nne. Tarehe 8 Oktoba mwaka huo timu yake ilicheza na San Diego, na kushindwa kungekuwa mwisho wao. Mbele kwa pointi moja tu, zamu ya saba, Showalter alifungua zizi. Akamtoa Edwin Díaz, mfunga mlango wake, zamu mbili kabla ya saa yake ya desturi. Wakashinda saba kwa tatu. Kweli, kesho yake walishindwa, na safari yao ikaisha. Lakini mzee wa miaka 66 alikuwa amebadili desturi yake mbele ya ulimwengu mzima, na hilo si jambo dogo. Wako wengi wanaopenda kushindwa na desturi zao kuliko kushinda bila hizo.

NASI JE?

Msomaji atauliza, yanatuhusu nini mambo ya gongo na mpira wa ng'ambo? Yatuhusu sana, maana kila nyumba ina zizi lake na ufunguo wake.

Iko nyumba ambayo fedha ya hospitali imefungwa kitambaani kwa ajili ya ugonjwa mkubwa, na homa ya mtoto ikaitwa ndogo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Iko nyumba ambayo mbegu bora ziliwekwa zingoje mvua iliyo nzuri zaidi, mpaka mvua ikaondoka. Liko shauri la ukoo ambalo mzee mwenye neno zuri alinyamaza akingoja wazungumze wote kwanza, na alipofungua kinywa ndugu walikuwa wamekwisha gawanyika. Na baba mwingine amemwekea mwanawe neno la sifa kwa siku atakapofaulu mtihani mkubwa, wakati kijana alilihitaji siku alipoanguka.

Hatusemi kula akiba. Mkulima anayekula mbegu ni adui wa watoto wake. Twasema akiba ina kazi, na kazi yake ni kutumika siku ya hatari. Siku ya hatari haiji na tarumbeta. Mara nyingi huja kimya kimya katika zamu ya tisa, mchezo ukiwa sawa, na kila mtu akidhani kubwa lenyewe bado liko mbele.

Basi mwenye ufunguo asiulize tu, "Je, nikimtumia leo, kesho nitakuwa na nani?" Aulize kwanza, "Je, nisipomtumia leo, kesho itakuwapo?" Ajibu kweli, kisha aende akafungue zizi.